Aliyetangulia Lübeck

Tarehe 12 Juni 2010, siku ya Jumamosi, Laurentine Nabintu alikuwa katika mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Hilo limethibitika. Picha iliyopigwa asubuhi hiyo mbele ya lango la kale la mji inamwonyesha katika safu ya nyuma, gauni la kitenge cha kijani likichungulia chini ya koti la mvua, uso umegeukia pembeni. Wenzake wote wa kanisa wanatazama kamera. Yeye anatazama wapita njia.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, akaishi Kampala kama mkimbizi, kisha mwaka 2001 akapokelewa Uswidi pamoja na mumewe Baudouin na binti yao Gaëlle. Walipewa nyumba ya ghorofa Hallonbergen, nje kidogo ya Stockholm. Laurentine alipata kazi katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee huko Sundbyberg, na hakuiacha kazi hiyo kwa miaka yote inayohusika hapa. Wanaomfahamu wanamtaja kuwa mtu wa maneno machache ambaye, akikuuliza swali, hangoji jibu la adabu.

Alikuwa na mdogo wake wa mwisho, kijana aitwaye Heshima. Mwezi Machi mwaka 2006 Heshima, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alimpigia simu kutoka Patras, bandari ya Ugiriki. Alikuwa ameungana na vijana wawili wa Kitanzania aliokutana nao njiani. Walipanga kupenya hadi Ujerumani na kutafuta meli ya kwenda Uswidi.

"Tukifika Lübeck, yaya, tumemaliza," alimwambia; kwao yaya ni dada mkubwa. "Pale kuna meli ya kwenu. Utakuja kunipokea na koti."

"Koti ya ukubwa gani? Umekonda ama umenenepa?"

"Nunua tu. Nitaijaza."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayojulikana.

Baada ya majuma kadhaa simu iliita tena. Laurentine alikuwa jikoni anakaanga ndizi. Gaëlle, wakati huo mtoto wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyepokea na kumpa mama yake. Aliyepiga alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili laini cha pwani. Hakujitaja jina, au alijitaja kabla Laurentine hajaliweka sikio sawasawa.

"Wewe ndiye dada yake Heshima?"

"Ni miye."

"Pole sana, dada. Heshima ametangulia."

"Ametangulia wapi?"

Mtu yule akasema, "Sote njia yetu ni hiyo hiyo, dada. Jipe moyo." Laini ikakatika. Namba haikuonekana, na hakupiga tena.

Kwa Kiswahili alichokulia Laurentine, mtu akifa hufa. Ukitaka kulainisha, unasema amelala, kama Biblia inavyosema. Kutangulia ni kutembea mbele ya wenzako. Neno "pole" alilichukua kama pole anayopewa mtu aliyengoja kwa muda mrefu. Maneno ya njia moja aliyasikia kuwa ni habari ya safari: wenzake nao wanafuata. Alirudi kwenye kikaango akimshukuru Mungu, na Baudouin alipoingia kutoka kazini alimwambia, "Heshima ametangulia Ujerumani. Wenzake wako njiani."

Neno Ujerumani halikuwamo katika ile simu. Yeye ndiye aliyeliweka, na lilikaa pale kama lililokuwapo tangu mwanzo. Tangu jioni ile, kila aliyepewa habari hiyo alipewa ikiwa na Ujerumani ndani yake, na ndiyo maana kati ya Watanzania na Wakenya wote aliosali nao Stockholm, hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kumsahihisha.

Miaka minne ilipita hivyo. Katika kanisa dogo la Hallonbergen, ambako Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania walikutana kila Jumapili, mzee wa kanisa aitwaye Gratien aliongoza sala ya wasafiri, na jina la Heshima lilitajwa la kwanza. Uvira, mama yao aliwatangazia majirani kwamba kitinda mimba wake yuko Ujerumani. Kimya chake kilimuudhi, hakikumtia hofu. Alisema vijana wakishaonja baridi husahau mahali walipoota jua. Mwaka 2008 alianza mazungumzo na familia moja ya mtaa wa Kavimvira kuhusu binti yao, Arielle, ili kijana akipata karatasi zake asioe mgeni. Binti alikubali kungoja. Laurentine aliyabariki mazungumzo hayo kwa simu.

Kwa hiyo kanisa lilipoalikwa kwenye mkutano wa kwaya huko Hamburg, na ikaamuliwa kwamba njiani watapumzika Lübeck na kutembezwa mjini, Laurentine, ambaye haimbi, aliomba nafasi katika basi. Alibeba picha ya Heshima aliyoikuza. Alimwambia Concessa, Mrundi aliyekaa naye kiti kimoja, kwamba anakwenda kumtafuta mtu katika mji ambao mtu huyo alisema atafikia. Concessa alimuuliza kama ana anwani.

"Mji ni mdogo," alijibu Laurentine. "Mtu mweusi ataonekana."

Aliyewatembeza alikuwa mzee wa Kijerumani aliyesema Kiswidi cha polepole. Wengi walimwelewa, lakini akina mama wawili watatu hawakukifuata, na Solomon alijitolea kuwatafsiria. Solomon alikuwa dereva wa basi wa Upplands Väsby, mzaliwa wa Muheza, Tanzania, mpole, mpenda utani, na mtu anayependa kusema jambo kwa Kiswahili kilichonyooka.

Mbele ya lango, mzee alieleza kwamba ardhi ya chini ni kinamasi, ndiyo maana minara yake miwili imeinama.

"Anasema nyumba imezama upande mmoja," alitafsiri Solomon.

"Kumbe hata za Wazungu zinachoka magoti," alisema Concessa. "Na mlango wenyewe mkubwa hivi, ulikuwa wa kuingiza nani?"

Solomon aliuliza, akaleta jibu. "Anasema ulikuwa wa kuzuia, siyo wa kuingiza."

"Milango ya hivyo naijua," alisema Concessa. " Kwetu Stockholm imo katika ofisi za wahamiaji."

Waliocheka walikuwa wengi. Laurentine alikuwa amebaki nyuma, akimwonyesha picha kijana mmoja wa Kiafrika aliyekuwa akisukuma baiskeli. Kijana alitikisa kichwa. Jambo hilo lilirudiwa penye maghala ya chumvi, na tena katika uchochoro mmoja ambako mpishi alikuwa amesimama mlangoni akivuta sigara. Mara tatu Solomon alirudi kumchukua.

"Mama Gaëlle, ukipotea hapa Baudouin atanidai mke."

"Endeni. Nakuja."

"Unamtafuta nani?"

"Ndugu yangu. Eko mji huu, ama alipita."

Solomon hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Alijua, kama kanisa zima lilivyojua, kwamba mama huyu ana ndugu Ujerumani.

Waliingia Kanisa la Mtakatifu Maria karibu na saa sita mchana. Humo, chini ya mnara wa kusini, mna kengele mbili zilizovunjika, zimelala palepale zilipoanguka usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi mwaka 1942, mabomu yalipouchoma mji. Kisha mzee aliwaonyesha sakafu. Mawe mapana waliyokuwa wakiyakanyaga, yenye maandishi yaliyofutwa na viatu, yalikuwa makaburi: wafanyabiashara wa zamani walitaka kulala ndani ya kanisa ili sala zipite juu yao.

Solomon aliwageukia akina mama na kutafsiri: "Hawa chini yetu ni matajiri wa mji. Wametangulia miaka mingi, na sisi tunapita juu yao."

"Walitangulia wapi?" aliuliza Laurentine.

"Chini, dada," alisema Concessa. "Sogeza mguu, umemkanyaga mmoja pua."

Kicheko kilikuwa kidogo, cha watu walio kanisani. Laurentine hakuusogeza mguu.

"Nauliza kweli. Walitangulia wapi?"

"Wamekufa, Mama Gaëlle," alisema Solomon. "Ni adabu ya maneno tu. Kwetu humwambii mtu hivi hivi kwamba fulani amekufa, utampasua. Unamwambia ametangulia."

"Hata kama ni kijana?"

"Hata mtoto mchanga."

"Na akikuuliza ametangulia wapi, unamjibu namna gani?"

Solomon alieleza baadaye kwamba alidhani mama huyu amependezwa na neno, kama watu wa lugha mbalimbali wanavyopenda kulinganisha. Alijibu kwa uchangamfu. "Swali hilo haliulizwi. Labda mtu awe amechanganyikiwa. Hapo unampa pole, unamwambia ajipe moyo, sote njia yetu ni hiyo hiyo."

"Sema tena."

"Sote njia yetu ni hiyo hiyo."

"Sema yote. Kama unasema katika simu."

Solomon alianza, na katikati ya sentensi akanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameutazama uso wake. Concessa alimshika Laurentine mkono. Laurentine aliketi kwenye benchi lililokuwa karibu, akaiweka picha mapajani ikiwa imefunikwa kifudifudi.

"Nani alikwambia hayo, mama?" aliuliza Solomon.

"Mutu wa kwenu," alisema. "Miaka ine."

Kuhusu saa zilizofuata ushahidi unatofautiana. Concessa anasema kwamba mchana ule, wenzake wakinunua peremende za lozi za kupeleka nyumbani, Laurentine aliendelea kuwaonyesha picha Waafrika wote waliopita, na kwa haraka zaidi kuliko asubuhi. Solomon anakana: anasema Laurentine alikaa ndani ya basi, mlango ukiwa wazi, akauliza mara moja tu kama neno lile laweza kuwa na maana ya kawaida, ya mtu aliyetembea mbele. Solomon alimjibu kwamba laweza. Aliulizwa ni lini. Alisema ni pale unapomjua anayesema na unajua anayesemwa alikuwa akienda wapi. Inawezekana wote wawili wanasema kweli na mambo yote mawili yalitokea. Laurentine mwenyewe hakumbuki.

Nyumbani Hallonbergen, Baudouin alikataa habari yote. Alikuwa mtu wa hoja, aliyesoma sheria Bukavu kwa mwaka mmoja kabla ya vita, na alizungumza akiwa amesimama.

"Kilio ya neno moja? Nani aliona maiti? Mtu asiye na jina alisema neno, wewe ukasikia jambo moja miaka minne, leo dereva wa basi anakwambia jambo lingine, na tayari umemzika shemeji yangu."

"Alinipa pole, Baudouin. Alisema pole sana."

"Hata ukichelewa treni watu wanakupa pole."

Gaëlle, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alisikiliza kutoka mlangoni na kujibu kwa Kiswidi, kama alivyozoea: "Men mamma, du vet ju inte." Alimaanisha kwamba mama yake hajui kwa hakika. Laurentine alimjibu kwa Kiswahili kwamba hilo ndilo linalomuua.

Jumapili iliyofuata alimwomba mzee Gratien mambo mawili. La kwanza, aliondoe jina la Heshima katika sala ya wasafiri. La pili, alitaje katika sala ya marehemu na kuruhusu matanga yafanyike katika ukumbi wa kanisa. Gratien alikubali la kwanza. La pili alilikataa kwa upole: matanga bila kaburi amewahi kuyaona, bila siku ya kifo pia, lakini si bila shahidi. Kumlilia mtu aliye hai, alisema, ni kumwitia mauti.

"Nikimtaja kati ya wafu na kesho akapiga simu, mama, nitamwambia nini?"

"Na asipopiga?"

Tangu Jumapili hiyo jina la Heshima halikusomwa popote, si kwa walio njiani wala kwa waliofika. Laurentine aliendelea kuja kanisani. Ilipofika sala ya wasafiri alitoka nje, akarudi ilipokwisha sala ya marehemu.

Ilibaki Uvira. Aliahirisha simu hiyo hadi mwezi Agosti. Mama yake alipokea kwa sauti ya furaha, akauliza moja kwa moja, "Ulifika kwake? Umemuona?"

"Sikumuona, mama."

"Basi amehama. Ujerumani si kijiji. Anakula vizuri?"

Laurentine alikuwa amejiandaa kumweleza lile neno. Anasema alilifikisha hadi kwenye ulimi, akakuta kwamba hana la kulithibitisha: angemwondolea mama yake mtoto kwa ushahidi uleule aliomrudishia nao. Alichagua kusema jambo moja tu alilokuwa na hakika nalo.

"Mama, yule Arielle wa Kavimvira. Mwambie asingoje."

"Asingoje mpaka lini?"

"Asingoje, mama. Aolewe."

Mama yake akasema, taratibu, kwamba atapeleka ujumbe. Hakuuliza sababu. Hakumuulizia Heshima tena kwa simu, hadi alipofariki mwaka 2012, na majirani wa Uvira hawakubaliani kama katika miaka hiyo miwili alimtaja kama mtu aliye hai. Arielle aliolewa Bujumbura.

Haijulikani aliyepiga simu mwaka 2006 alikuwa nani, wala alipiga kutoka wapi. Wale vijana wawili wa Kitanzania hawajapatikana. Haijulikani kama Heshima aliwahi kukanyaga ardhi ya Ujerumani. Kama alikufa, haijulikani siku, mahali, wala aliyemzika.