Nyapara alivyosoma CD yangu juani

Leo nyapara wetu amesoma mapafu yangu kwenye CD. Jamani!

Mwaka jana nilimletea eksirei ya kifua, ile ya filamu. Akaiinua juani mbele ya wenzangu. "Mapafu safi. Huu ni uvivu wa watu wa Kigoma." Akanirudisha kwenye mashine ya kusaga kokoto, hapa Msalato. Nikameza vumbi na hasira.

Juzi nimepiga nyingine, ya kompyuta. Daktari akaikuza, nikaona madoa ya vumbi. Ile filamu ilitoka nyeusi mno, haikuyaonyesha.

Siku hizi hawatoi filamu, nikapewa CD.

Leo nikampa nyapara, bosi mwenyewe akiwepo. Nilifanya makusudi.

Akaiinua juani. Akakodoa macho. "Safi kabisa!"

"Shikamoo daktari," nikamwambia. "Hiyo uliyoiona ni sura yako."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Bosi hakucheka. Akaiweka kwenye laptop yake, akasoma maelezo ya daktari, akasema nisiguse tena ile mashine.

"Nani atashika nafasi yake kwenye mashine?" bosi akatuuliza.

Wote tukamnyooshea nyapara kidole. Mimi nilitumia mikono miwili.

Anayeona nina roho mbaya, aandike hapa chini.