Nguzo za Siala

Maji ya mafuriko yalipopungua kwetu Ahero, nyumba ya Mama ilikuwa uchi. Udongo wa kuta ulikuwa umeanguka wote, zikabaki nguzo, fito na mabati juu. Ukipita barabarani uliona kitanda chake.

Kaka yangu alikuja na pikapu kutoka Kisumu kumhamisha. Alikuwa ameandaa chumba, ghorofa ya tatu, Mama aishi humo maisha yake yote. Mama hakutaka. Huko juu angelima nini? Nilichemka, lakini kwetu binti aliyeolewa haulizwi kuhusu nyumba ya wazazi, na kaka alinikumbusha hilo mbele ya majirani.

"Mama, hii nyumba imekufa," akasema. "Si unaona haina ukuta?"

Mtu alikulia ndani ya nyumba na hakuwahi kuitazama! Marehemu mzee wetu aliijenga kwa mti wa siala, akazichoma nguzo miguuni kabla ya kuzifukia ili mchwa wasizile. Nguzo ndizo zilizobeba paa. Udongo haukubeba kitu. Mafuriko yakija, udongo huenda zake, maji yakapita katikati, nyumba ikabaki. Jirani yetu alijenga ukuta wa matofali. Ulishindana na maji, ukalala chini pamoja na paa.

Mama akashika nguzo ya pembeni. "Baba, sukuma hii," akamwambia kaka. "Ikitikisika, mimi napanda gari saa hii."

Kaka akacheka, akasukuma. Akaacha kucheka. Akamwita dereva, wakasukuma wote wawili mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Hata bati halikulia. Nikapiga kigelegele, wala sioni haya kusema, na majirani wakanipokea.

Wanawake hawakungoja kuitwa, kwa sababu kukandika ni kazi yetu. Tulivua viatu, tukakanyaga udongo na samadi, tukaanza na upande wa barabarani.

"Na gari yako inakaa tu bure?" Mama akamuuliza kaka. "Enda ulete udongo ya kichuguu."

Alileta safari nne, akiwa na viatu vyake vya mjini miguuni. Sikumhurumia hata kidogo.

Jua lilipoanza kushuka, upande wa barabarani ukiwa umeshazibwa wote, kaka akaondoka na dereva wake. Mama alisimama akawapungia mkono, kisha akaingia ndani, akafunga mlango.