Goti na Beseni

Ofisini kwetu Iyunga tulikuwa wawili tunaotengeneza katuni kwa kompyuta, mimi na mwenzangu wa Iringa. Bosi alitaka kila mmoja wetu atengeneze mwanamke mwenye beseni kichwani anayepiga goti kumsalimia mkwewe. Wa kwangu aliinamisha shingo; mzigo ungemwagika wote. Wa mwenzangu alishuka taratibu, shingo wima, na kabla ya kuinuka akajishika kiuno. Watu wakapiga makofi. Mtu mwenyewe hata kuchora hajui! Wivu ulinikaba, nikamuuliza kaiba wapi.

“Kwa mama yako,” alisema. “Akikuletea ndizi hapa, si humpigia bosi goti na beseni lake kichwani? Huwa namwangalia.”

Na mimi, ninayempokea lile beseni kila wiki, sikuwahi kujua kwamba mama anaumwa kiuno.