Kigari cha Mama Richard Kinachozimia Relini

Mimi Iddy, fundi umeme wa Manundu. Shule niliwaachia wenye nafasi, darasa la tano hilohilo, lakini niletee gari limekufa nyaya zote, nalifufua huku nakunywa kahawa. Uliza Korogwe nzima. Asiyenisifia ujue ni fundi mwenzangu. Sasa mimi huyuhuyu nikaja kutolewa jasho na kigari cha gofu.

Mwenyewe ni Efrazia, wa kambi ya mkonge kule Ngombezi. Tunamwita Mama Richard. Amekata mkonge tangu usichana mpaka magoti yakamgomea. Mwanawe Richard anafanya kazi hotelini Dar, na hoteli ilipouza vigari vyake vya zamani akamletea mama kimoja. Hakina injini. Chini ya kiti kuna betri sita za volti sitasita, zimeungwa zikafika thelathini na sita. Anakichaji dukani barabarani, maana kwake umeme haujafika, halafu anapanda huyo, sokoni, kanisani, kwa wagonjwa. Haombi msaada wa mtu.

Ghafla kikaanza kugoma. Kinatoka nyumbani vizuri, kikifika kilima cha reli kinazima. Na Richard alishapiga simu kwamba anakuja Jumamosi, akikuta mama hawezi kujiendea mwenyewe anamhamishia Dar.

"Nikakae ghorofani niangalie ukuta?" Mama Richard akaniambia. "Mwanangu Iddy, tengeneza hiki kitu."

Nikaingia kazini. Swichi ya ufunguo nzima. Relei kubwa, ile inayoruhusu umeme kwenda kwenye mota, nzima, ukikanyaga pedeli unaisikia inagonga. Nyaya za mota nikazivua, nikazipiga msasa. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga, nikaviosha kwa maji ya magadi. Nikapima betri moja moja, zote safi. Nikamkabidhi mama ufunguo kwa madaha, nikamwambia sasa aende hata Handeni.

Kikazima relini.

Mbwana, jirani yake, akauliza kama ufundi nilisomea au niliota. Kambi nzima ikacheka. Nikafungua tena, nikabadilisha relei ambayo haikuwa na kosa lolote, kikazima palepale. Nilikitukana kile kigari matusi ambayo hata kwa mke wangu sijawahi kuyafikiria.

Mwisho nikapanda naye, mita ya kupimia volti mkononi, nikawa napima huku tunapandisha. Betri nne zimesimama imara. Mbili za mbele zikaanguka kama walevi. Nikashangaa, betri zinafanya kazi pamoja, zinachajiwa pamoja, mbona zife mbili tu? Nikamuuliza mama kama kuna mtu mwingine anakitumia kigari. Akaapa hakuna. Nikamuuliza tena, akanuna. Ndipo nikaona mikwaruzo ya vibanio kwenye vichwa vya zile mbili.

"Mama Richard, nani anabana waya hapa?"

"Hapo? Si taa ya msiba."

Kumbe kambini pakifiwa, awe Mwislamu awe Mkristo, kigari kinasukumwa mpaka kwenye turubai. Waya unabanwa kwenye betri mbili, volti kumi na mbili kamili, taa na spika vinakula hapo mpaka matanga yaishe. Mbili zinakamuliwa, nne zimekaa tu. Kigari kikienda kuchajiwa, nne zinavimbiwa na mbili zinabaki na njaa.

"Si nilikuuliza, mama?"

"Gari lilikuwa limesimama, mwanangu. Halikwenda popote."

Fundi mzima nimeumbuliwa na marehemu.

Nikamwambia mchezo huo basi. Akanitazama kama nimetapika kanisani, akauliza mfiwa akae gizani kwa sababu ya magoti yake? Nikafunga kifaa cha kushusha umeme mpaka volti kumi na mbili, taa ivute kwa zote sita. Zile mbili nikazipeleka Manundu nikazichaji polepole mpaka Ijumaa. Zikapata nafuu, lakini nafuu ya mgonjwa. Nikamfundisha mama kwamba akisikia mota inalegea, asimame, zipumue.

Jumamosi Richard kafika, viatu vinang'aa, akataka mama ampeleke Old Korogwe kwa shangazi yake. Mimi nyuma na pikipiki, moyo mkononi. Kwenda, shwari. Kurudi, chini ya kilima cha reli, mota ikaanza kulegea. Mama akasimama mlangoni kwa Rukaya, akamjulia hali, akauliza habari za ng'ombe na za mkwe. Kikapumua, kikaenda. Akasimama tena kwa Gregori. Akasimama kwa Mwanaidi. Kila akisimama watu wanatoka, wanamwamkia, wanamtwisha Richard papai. Mimi jasho linanitoka, mama anacheka tu.

Kikavuka reli.

Jioni Richard akanivuta pembeni. "Fundi, mama huwa anasimama hivi kila nyumba?"

"Kila nyumba," nikasema.

Akageuza papai mikononi. "Dar atamsalimia nani?"

Akapanda basi peke yake, papai mapajani.