Uwele Uliomwagika Ikungi

Kidole tumbo changu ni kizima, hakijawahi kuniuma hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitano niliwaambia walimu wenzangu, wanakwaya wenzangu na ndugu zangu wote wa Mwankoko kwamba nilikwenda Dar es Salaam kukatwa kidole tumbo. Kilichokatwa ni titi la kulia. Nilikuwa na saratani. Aliyejua ni mume wangu peke yake, na nilimwapisha.

Mwaka huohuo wa upasuaji magazeti ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka na kutafuta waandishi. Niliandika makala ndefu ya kuwahimiza Watanzania waambiane ukweli. Ilisifiwa sana.

Kabla ya hapo nilikuwa na afya ya kujivunia. Nilifundisha historia sekondari na kwenda kazini kwa baiskeli, sketi nimeibana kwa kibanio cha nguo. Uvimbe niliugusa nikiwa naoga. Ulikuwa mgumu, mdogo kama punje ya choroko, na haukuuma. Nikajiambia kwamba kisichouma si ugonjwa. Shahada ya chuo kikuu ninayo, ila siku hiyo sikuitumia.

Nilikaa nao miezi minane. Ulipofika ukubwa wa limau, ngozi ya titi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu ikaingia ndani, ikaanza kutoa majimaji yenye damu. Siku moja yalipenya kwenye blauzi mbele ya darasa. Niliwaambia wanafunzi ni wino mwekundu.

Daktari wa Dar es Salaam, mama mmoja asiyezunguka maneno, alinipapasa mpaka kwapani, akanawa mikono.

"Mwalimu, umechelewa," alisema, "lakini hujachelewa kabisa. Titi hili tunalitoa."

Siku hizo mgonjwa alikwenda wodini na glovu zake na uzi wake wa kushonea, nami nilibeba vyangu kwenye kikapu. Nilizinduka kifua kikiwa bapa upande mmoja, na mpira ukichuruzisha damu kwenye chupa iliyokuwa chini ya kitanda. Mkono wa kulia ulivimba, nikashindwa hata kufunga kifungo. Zikafuata dawa za dripu. Nilitapika mpaka nyongo, kucha zikawa nyeusi, na nywele zikabaki kwenye mto. Baada ya miezi kadhaa nilirudi Singida na kilemba kichwani na hadithi ya kidole tumbo mdomoni.

Wifi yangu Mwajuma, dada wa mume wangu, alihamia kwetu, akanikorogea uji, akanifulia na kunitandikia kitanda. Hakuuliza chochote. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa wifi asiye mdadisi.

Pengo la kifuani nilijaribu kulijaza kwa pamba, lakini pamba ni nyepesi, ilipanda mpaka karibu na bega katikati ya kipindi cha Vita vya Majimaji. Ndipo nikashona kimfuko cha kanga na kukijaza uwele. Nilikuwa nikipunguza na kuongeza mpaka uzito ukalingana na wa upande wa pili, kisha nikakitia kwenye sidiria ya mtumba. Mtu wa Singida akikosa cha kujazia, hujazia nafaka.

Mwaka wa tano kikatokea kinundu juu ya kovu. Safari hii sikungoja hata wiki. Daktari alikata kipande kidogo kwa ajili ya kupima, akasema majibu yatatoka Jumamosi na atanipigia kwenye simu yangu mpya ya mkononi. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya pili ya safari ya baiskeli ya kuchangia utafiti wa saratani, kutoka Manyoni mpaka Singida mjini. Nilikuwa nimejiandikisha kama mwalimu mpenda mazoezi. Waliopona walifungwa kitambaa cha njano mkononi. Binti aliyekuwa anavigawa aliniuliza kama nami ni mmoja wao. Nikamjibu kwamba mimi nawasindikiza tu.

Tuliondoka Issuna alfajiri. Barabara ilikuwa ya vumbi, na upepo ulitupiga upande wa kulia, upande ambao sina cha kuukinga zaidi ya uwele. Makalio yaliwaka moto na mkono ulianza kuvimba. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sketi, haina mtandao, nami niliigusa kila baada ya mti. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba kinundu kikiwa ni ugonjwa uliorudi, zile dripu sizirudii.

Ikungi tulipumzika karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza kuku. Sikuwa hata nimekunywa maji, kuku watatu waliokuwa wanazurura pale wakaja miguuni pangu wakidonoa. Wakaja wengine wawili. Nilipowafukuza, walirudi.

"Dada," yule mama alisema, "hawa wamekupenda."

Wifi Mwajuma, aliyekuwa kwenye lori la maji lililotufuata njiani, alishuka akanitazama kuanzia chini mpaka juu. Mshono ulikuwa umeachia, na nafaka ilikuwa inatiririka kutoka chini ya blauzi.

"Wifi," alisema taratibu, "kidole tumbo chako kinamwaga uwele."

Nilitafuta uongo wa haraka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, sikuupata.

"Ulijua?"

"Kimfuko unakificha chini ya godoro ninalotandika mimi. Mara mbili nimekikuta na wadudu, nikakubadilishia uwele."

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Wewe ndiye uliyekuwa na kidole tumbo."

Tulicheka mpaka nikalazimika kukaa chini. Kisha nikamwambia habari ya kinundu na majibu ya siku ile. Aliacha kucheka. Alikwenda kwa yule binti, akarudi na kitambaa cha njano, akanifunga mkononi kwa fundo la mtu anayefunga mzigo. Nilichomoa kimfuko nikawamwagia kuku uwele uliobaki, nikapanda baiskeli. Watu waliniangalia kifuani, nami nikawaacha waangalie. Upepo ulinipiga palepale, na niliendesha vizuri kuliko asubuhi.

Msomaji wangu, ukigusa uvimbe usiouma, usisubiri mpaka uanze kuuma. Nenda wiki hiyohiyo. Na mwambie mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu huenda anajua tayari na amechoka kukungoja. Namshukuru Mungu, daktari wangu, na wifi niliyedhani si mdadisi.

Tulipofika Unyambwa, mji ukiwa unaonekana, simu ililia. Nilifunga breki vibaya nikaangukia ukingo wa barabara, goti likachubuka. Lori likasimama. Nilipokea nikiwa nimekaa kwenye vumbi.

"Mwalimu, nimekutafuta tangu asubuhi. Uko wapi?"

"Niko chini, daktari. Sema tu."

"Ni kovu. Nyama ya kovu tu imejikunja. Hakuna saratani."

Wifi Mwajuma aliichukua simu mkononi mwangu.

"Daktari, mimi ni wifi yake," alisema. "Hebu rudia."

Akarudia.