Salamu Aliyoimeza Sufiani

Kabla Saadi hajawa rubani, Mbuchi nzima ilikuwa na kapteni mmoja tu, naye alikuwa Sufiani. Boti aliyoiendesha haikuwa yake, ilikuwa ya Bushiri, tajiri wa Nyamisati, tena ilivuja mpaka abiria walizoea kuinua miguu. Lakini jina lilikuwa la Sufiani. Maji yakijaa alitoka Mbuchi na wagonjwa, magunia ya mpunga na ndoo za kamba wabichi, akapita vijito vya mikokoni mpaka Nyamisati, kisha akangoja maji mengine arudi. "Kapteni, niwekee nafasi." "Kapteni, mama anaumwa miguu, mkalishe mbele." Naye aliitika kwa uso wa ukali, maana jina tamu halipokelewi kwa kucheka.

Kazi yake kubwa wala haikuwa usukani. Ilikuwa salamu. Kule deltani mtandao wa simu ni wa kubahatisha, hivyo neno la ng'ambo hupewa nahodha alibebe: dawa imepatikana, mtoto kazaliwa, fulani katutoka na mazishi ni kesho. Desturi ni kwamba nahodha akishafunga kamba haendi kwake kula. Anazunguka kwanza nyumba kwa nyumba kushusha salamu za watu, kwa maneno yale yale aliyopewa. Wapo manahodha walioegesha boti mchangani wakalala na abiria njaa, wapo waliolewa, na wote walisamehewa. Aliyelala na salamu ya mtu hakusamehewa. Sufiani hakuwahi kulala nayo. Hata siku aliyoshikwa na homa mpaka meno yanagongana, alipita milangoni ameegemea fimbo, akashusha zote. Watu walilisimulia hilo kama wanavyosimulia mafuriko.

Basi mdogo wake, Saadi, tumbo moja na ziwa moja, akafaulu masomo, akapelekwa kusomea urubani, akarudi na shati jeupe lenye mistari mabegani. Siku ya kwanza alifika Mbuchi kwa boti, boti ya Sufiani, tusisahau. Watoto walipoiona inakaribia walikimbia ufukweni wakiita, "Kapteni! Kapteni!" Sufiani akainua mkono kuwaitikia. Wakampita, wakamrukia Saadi.

Tangu siku ile Sufiani akawa kaka yake Kapteni. Na ukweli ni kwamba Saadi hata kapteni hakuwa. Alikuwa rubani msaidizi, wa kiti cha upande wa kulia, na mwenyewe alilisema hilo kila alipoulizwa. Nani alimsikiliza? Mtu akishavaa mistari, watu humalizia wenyewe.

Husemwa hasidi hana sababu. Kwa Sufiani hapana, yeye sababu alikuwa nazo, tena alizipanga na kuzipangua kila siku akiwa usukanini. Mama yao, Mwanamkuu, alifuga jogoo wa kumchinjia Saadi. Sufiani alifika kwa mama yake kila siku, na anayefika kila siku hachinjiwi. Mama akitaja "mwanangu" mbele za wageni, hakuna aliyeuliza yupi. Sufiani alimpenda mdogo wake, nani asingempenda, lakini akimsikia anasifiwa roho ilimuuma, na chakula kikawa hakina chumvi.

Ndipo ukaja mgomo. Redio ilitangaza kwamba marubani wa shirika moja la ndege wamekataa kuruka. Walikatwa mishahara wakati mambo yalipokuwa magumu, wakaambiwa wavumilie. Mambo yakanyooka, ndege zikajaa, na kilichokatwa hakikurudi. Uongozi ukasema fedha hakuna. Saadi alishuka kwenye basi Bungu, akapanda bodaboda mpaka Nyamisati, akaja nyumbani bila shati jeupe. Wenzake walikuwa wamekubaliana kila mmoja aende kwa ndugu zake na azime simu, ili wakubwa wasiwachukue mmoja mmoja kwa maneno matamu.

Akawa anashinda shambani kwa mama yake, juu ya dungu, akiamia ndege wasile mpunga. Watu walimtania: leo kazi ni ile ile, ila hizi hazina abiria. Yeye alicheka nao. Wakimuuliza habari za mgomo anawaeleza kwa upole, nao wanatikisa vichwa na kusema hii ni dhuluma, wawalipe. Watu ambao hawajapanda hata ngazi ya ndege.

Hilo ndilo lililomchoma Sufiani kuliko yote. Yeye naye aliwahi kugoma. Mapato ya boti hugawanywa mafungu, na Bushiri alikuwa amezoea kuchukua fungu la boti na fungu la mwenye boti. Mwaka mmoja akaongeza fungu la mashine, la kwake vile vile, Sufiani na mabaharia wakagawana makombo. Sufiani akakataa kutoa boti. Maji ya jioni yalipojaa, Bushiri alikuwa keshaweka nahodha mwingine, na Sufiani akaenda kuomba radhi. Hakuna redio iliyotaja, na hakuna aliyesema wamlipe.

Jioni moja alimkuta Mwanamkuu anapepeta mchele na kulalamika kwamba mwanawe anadhulumiwa huko mjini.

"Na mimi nilidhulumiwa, mama," akasema Sufiani.

"Wewe ulirudi," akajibu mama yake, akaendelea kupepeta.

Hakulisema kwa ubaya. Lakini Sufiani aliondoka nalo, akalitafuna wiki nzima.

Simu ilimkuta Nyamisati, anangoja maji. Alikuwa mtu wa ofisini, sauti laini, wa lile shirika la ndege. Simu ya Saadi haipatikani, akasema, na kwenye kumbukumbu zao ndugu wa karibu ni Sufiani.

"Nikupe ujumbe wake?"

"Nipe."

"Mwambie arudi kazini kabla ya Ijumaa. Akirudi, tunampandisha. Anakuwa rubani mkuu, kapteni kamili, na mshahara wa kapteni. Asiporudi, nafasi hiyo tunampa mwenzake. Utamfikishia?"

"Nitamfikishia."

"Usisahau hapo pa kapteni kamili."

"Nimesikia," akasema Sufiani.

Alivuka na abiria wake. Kapteni kamili. Kwa hiyo hata lile vumbi la faraja alilobaki nalo, kwamba mdogo wake anaitwa kwa jina lisilo lake, nalo linapeperushwa. Na nani alipewa kazi ya kulipeleka neno hilo? Yeye. Alitamke kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mama, kisha aone jogoo anavyokimbizwa uani.

Alifunga kamba, akaanza mzunguko. Bi Sijaona akapokea sukari na neno kutoka kwa mwanawe Twalibu aliyeko Bungu. Nyumba nyingine wakaambiwa mgonjwa wao ameanza kula. Mwisho akafika kwa mama yake. Saadi alikuwa mkekani, hajanyoa, amekonda. Mwanamkuu akauliza kama nahodha anavyoulizwa siku zote: "Salamu?"

"Hakuna, mama. Ni salama tu."

Saadi akainua uso. "Hata ya kazini, kaka?"

"Hata ya kazini."

Mwanamkuu alimtazama mwanawe mkubwa kidogo zaidi ya desturi, kisha akampakulia. Sufiani akala wali wake wote. Alilala na salamu ya mtu kwa mara ya kwanza, na tusidanganyane, alilala vizuri.

Ijumaa ikapita. Saadi alizidi kunyamaza kule dunguni, na Sufiani alimwangalia kwa mbali, nusu anamhurumia, nusu anamngoja aanguke.

Hakuanguka. Siku chache baadaye redio ikatangaza makubaliano: kilichokatwa kinarudishwa, marubani wote wanarudi kazini, na vyeo vyote vilivyogawiwa wakati wa mgomo vimefutwa. Wale wachache waliorudi kimyakimya walijikuta kwenye viti vile vile vya zamani, na wenzao hawawapi mkono. Saadi akasafiri. Baada ya mwezi akaja tena Mbuchi kusomesha dua ya shukrani nyumbani kwa mama yake, na uwanja ukajaa watu.

Dua ilipokwisha na masinia kuletwa, Saadi alisimama.

"Ndugu zangu, meneja aliniambia kitu," akaanza. "Aliniambia, tulimpigia kaka yako, tukampa ujumbe kwamba ukirudi utakuwa kapteni. Nikamwambia mimi sikupewa ujumbe wowote. Halafu nikafahamu." Akamgeukia kaka yake. "Wiki ile mke wangu alikuwa karibu kujifungua, na mimi nilikuwa nimeshachoka. Moyoni nilishafunga begi. Ningelisikia neno lile, ningekimbia nikawaacha wenzangu, na leo ningekuwa mtu wa kufichwa. Kaka aliniona. Mnamjua huyu, hajawahi kulala na salamu ya mtu. Alilala na yangu, akajitwika lawama yeye, ili mimi nisimame. Basi msiniite mimi kapteni. Kapteni wa Mbuchi ni huyu."

Watu wakaitika, wengine wakapiga vigelegele. Wazee wakamsogelea Sufiani wampe mkono. Alichokililia miaka yote kiliwekwa mapajani mwake mbele ya kijiji kizima, na hapo hapo wivu, jinsi usivyo na haya, ukamshika upya. Alimwonea mdogo wake wivu kwa moyo ule wa kuweza kumdhania mtu jema. Wakamtaka aseme neno.

"Undugu ni kufaana," akasema Sufiani.

Wakalipenda neno hilo. Mwanamkuu alikuwa upande wa wanawake, upawa mkononi. Alikuwa amemtazama Sufiani tangu Saadi alipoanza kusema, kama alivyomtazama siku ile ya "salama tu". Hakupiga kigelegele. Aliinama akaendelea kupakua.

Asubuhi yake maji yalijaa mapema, na ufukweni kila mtu alikuwa na neno la kumwita. "Kapteni, nisogeze mbele." "Kapteni, pokea mtoto." Bi Sijaona alimpa salamu ndefu ya kumpelekea Twalibu kwa watu wa bodaboda, yenye kuku ndani yake na shamba na mke anayetafutwa, akamalizia, "Wewe huangushi neno, Kapteni."

Mwanamkuu naye akateremka, kanga imefungwa vizuri, mkononi bakuli lililofunikwa. Alimsalimu mwanawe, akamuuliza amelalaje, akampa bakuli. Ndani mlikuwa na paja la jogoo wa jana. Kisha Sufiani akainama kidogo, kama alivyoinama miaka yote, apokee salamu ya mama yake ya kwenda kwa dada yake Rukaya, aliyeolewa Bungu.

Mama yake akampita. Aliingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa boti karibu na alipokaa Warda, binti wa jirani aliyekuwa anakwenda sokoni Bungu.

"Warda mwanangu, ukifika Bungu pita kwa dada yangu Rukaya. Mwambie mpunga umeiva, aje tuvune, na mguu wangu haujambo."

Warda akamtazama nahodha, akamtazama bibi. "Si umpe Kapteni, bibi? Kapteni haangushi."

"Wewe utanitosha," akasema Mwanamkuu.

Alipanda ufukwe taratibu akarudi kwake. Sufiani akavuta kamba ya mashine, ikakataa, akavuta tena ikawaka. Na mpaka wanaingia kijito cha kwanza alimsikia Warda nyuma yake akiirudia salamu ile polepole, mpunga umeiva, aje tuvune, mguu haujambo, asije akaangusha neno.