Duara Jeusi Chini ya Godoro

Mume wangu ni fundi magari, na mtaa mzima unamwita Kwanini, maana hawezi kukaza hata nati moja bila kuuliza ilikuwaje ikalegea. Mwaka jana aliletewa gari la zamani, lile la kulala ndani safarini, alitoe injini iliyochoka kule nyuma na kulifungia injini mpya ya kisasa. Kazi yenyewe haikumsumbua. Kilichomnyima raha ni duara jeusi kwenye mfuniko wa injini, chini ya godoro.

"Mama watoto, hii alama ni ya nini?"

Nikamwambia ni uzee tu, apige msasa yaishe. Mwenye gari naye hakujua. Gari alilirithi kwa baba yake. Kwanini akapiga msasa kwa shingo upande, kisha akabandika juu yake sponji nene ya kuzuia joto na kelele. Mfuniko ukawa safi, ungedhani umetoka kiwandani.

Siku ya kukabidhiwa, mwenye gari alikuja na mama yake. Wakaondoka nalo asubuhi kulijaribu, wakarudi mchana. Yule mama alishuka amekumbatia sufuria ya maharage, kanuna, akamwendea mume wangu.

"Mwanangu, miaka thelathini chakula chetu mimi na marehemu kilipata moto juu ya huo mfuniko. Leo kimerudi baridi vilevile."

Mume wangu akanitazama. Nikajifanya naangalia kuku wa jirani. Yeye akachukua kisu, akainua godoro, akaishika ile sponji.

"Mama, hiyo sufuria ina upana gani?"